Surua Isiyo na Kwao

Mama yangu mpendwa, uliyelala kaburini ng'ambo ya mto Ruzizi,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda salamu ndefu. Vita vimerudi, watu wa bondeni wameshuka tena huku kwetu Uvira na magodoro kichwani, na shule ya kartie yetu, ya mtaa huu wetu, imejaa familia za vijiji vya Mutarule na Lubarika. Sasa humo shuleni kumezuka surua, ndiyo maana wiki hii nzima uko mawazoni mwangu.

Unaikumbuka kambi ile tuliyokimbilia Burundi, katika vita vya kwanza? Bahati, mdogo wangu, ulikuwa bado unambeba mgongoni. Homa ilimshika, macho yakawa mekundu, akawa analia kila turubai likifunuliwa kwa kuwa mwanga ulimuumiza. Ukatundika kitenge chako cha harusi mlangoni. Vipele vilipomtoka usoni, majirani walihamisha masufuria yao wakisema Wakongomani wameleta surua. Mimi nilikuwa na umri wa kuona aibu. Wewe hukuwa na nafasi hiyo, ulikuwa unamnywesha uji kijiko kwa kijiko.

Akaja karani wa kambi na kalamu yake.

"Huyu mutoto anatoka wapi?"

"Anatoka mu tumbo yangu."

"Mama, minye nauliza inchi."

"Njo inchi yake hiyo."

Watu walicheka, karani naye akacheka. Lakini ulipoinama kuchochea moto nilikuona unalia, na moshi haukuwa mwingi kiasi hicho.

Bahati alipona, ila sikio lake la kushoto lilibaki kule. Na tuliporudi kijijini kwetu Kiringye, wenyeji wakawakataza watoto wao kucheza naye, eti ana surua ya Burundi. Surua ile ile, mama! Kule ilikuwa ya Kongo, huku ikawa ya Burundi, na mtoto alikuwa mmoja.

Leo mama ni mimi. Neema wangu ametimiza mwaka na hajachanjwa. Nilimpeleka kituo cha afya, nikarudi naye, nikampeleka tena. Barabara imefungwa, chanjo hazifiki, na frigo yao ya kuhifadhia chanjo sasa wanawekea madaftari. Watoto wengi wa kartie wako vivyo hivyo.

Juzi muganga wa kituo alikuja shuleni pamoja na shefu, mkubwa wa kartie, kumwona mtoto mmoja wa Mutarule aliyejaa vipele. Nilikuwepo, maana huwa nawasaidia wale akina mama kupika. Muganga alitueleza bila kuficha. Mtoto akiandikwa kuwa alikuja na ugonjwa, wakubwa watasema surua ni ya Mutarule, na kartie itangoja chanjo. Akiandikwa kuwa ameupata hapa, chanjo zikipatikana zitaletwa kwetu kwanza, kwa wageni na wenyeji.

"Iyi ugonjwa haiko ya kwetu," shefu akasema. "Iko ya wakimbizi. Andika hivyo."

Si mtu mbaya. Amechoka tu kusikia kartie yake ikitajwa kwa mabaya. Mama wa mtoto, msichana mdogo kuliko mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Tulifika hapa mutoto iko muzima." Hakuna aliyegeuka. Na alisema kweli. Wamelala shuleni humo zaidi ya mwezi, na muganga alikuwa ametoka kutuambia kwamba surua huchukua kama wiki mbili kujitokeza. Hesabu hiyo hata Bahati angeisikia kwa sikio lake bovu.

Muganga akashika kalamu, akauliza tena: "Sasa, huyu mutoto anatoka wapi?"

Mama, mdomo wangu ulifunguka kabla sijafikiri. "Anatoka hapa. Mu shule yetu. Anachezaka na wa kwangu."

Shefu akanikodolea macho. "Weye, unatuletea surua na kinywa yako?"

"Neema hana chanjo, shefu. Na bajukuu yako, banayo?"

Muganga akaandika.

Basi sasa wenye surua ni sisi. Jirani yangu ameacha kuja kuomba moto kwangu, na sokoni wananipisha njia. Nimeudhika, lakini nguvu za kugombana sina. Chanjo bado hazijafika. Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho vizuri, mkono wangu unatafuta paji la uso la Neema. Leo halikuwa la moto.

Kitenge chako nilikuwa nimekitunza miaka yote hii. Nimempa yule mama wa Mutarule, amekitundika kwenye dirisha la darasa, na mtoto wake amepata usingizi. Ukiniuliza nitamkingia Neema mwanga kwa kitu gani ikifika zamu yake, mama, sijui.

Pumzika, na unipumzikie na mimi.

Binti yako mkubwa