Mluzi Kwenye Pumzi ya Zeze

4 Februari

Mdogo wangu Zeze,

Hujambo? Mama naye hajambo, goti lake limetulia? Mimi huku ni mzima, ila shingo inaniuma kwa kuinamia kazi.

Nina habari. Nimepata spika za studio, zile za kuchanganyia sauti. Muuzaji alitaka kunibebesha kubwa zenye besi ya kutikisa madirisha. Nikamwambia chumba changu ni kidogo; ukimfungia tembo kwenye banda la kuku, wataumia kuku. Nikachukua za wastani. Nimezisogeza mbali na ukuta, kwa sababu ukuta huongeza besi ya uongo, nikazipandisha hadi usawa wa masikio, na magodoro mawili nimeyasimamisha pembeni yameze mwangwi. Mwenye nyumba alichungulia akauliza kama nahama.

Zile spika zangu za zamani zilikuwa kama mgeni mwenye adabu: chakula hata kikizidi chumvi, yeye atasifu tu. Hizi hazina adabu. Kwanza nilipiga nyimbo ninazozijua tangu utoto, ili nizizoee, nikakuta hata hizo zina madoa.

Basi nimeanza kuchanganya nyimbo zako. Sauti imekaa vizuri. Lakini kwenye ule wimbo wa bibi harusi, kabla ya kiitikio, nasikia mluzi mwembamba. Mlirekodi feni ikiwa imewashwa? Niulizie hapo studio.

Kaka yako,
Nyaya


11 Februari

Kaka, shikamoo.

Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia, ulimi ndio haujatulia. Anasema kwa umri wako ungekuwa umeshapata mke, wewe unapata spika, tena mbili.

Feni haikuwepo. Tuliomba hata jirani azime redio yake, nusura tugombane naye. Labda ni kiti kililia, labda mlango. Usinitafutie mluzi, nitafutie kiitikio kinachopendeza. Kiongozi wa bendi ameshatangaza uzinduzi, na kila harusi ninayoimba watu wananiuliza nyimbo zinatoka lini.

Mimi niko sawa, uchovu tu. Ngazi za ukumbi wa juu siku hizi nazipanda kama ajuza. Nafika katikati nasimama, najifanya nasalimiana na watu. Nikipumzika itapita.

Mama anasema hizo spika zisikuzibe masikio ukasahau kula.

Mdogo wako,
Zeze


19 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi sijambo, ila moyo haujatulia, na barua hii nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena.

Si feni wala si mlango. Nimezima vyombo vyote, nikaiacha sauti yako peke yake, tena chini kabisa, maana sikio husikia vizuri zaidi lisipopigiwa kelele. Mluzi unakuja kila unapovuta pumzi. Ukiimba, haupo. Nikadhani spika moja ina hitilafu. Nikahamisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, mluzi haukubadilika. Nikavaa hedifoni, upo. Nikatafuta wimbo uliorekodi kabla sijahama nyumbani. Humo unavuta pumzi kama mtu anayenusa ua, kimya. Sasa unavuta hewa katikati ya neno, mahali ambapo zamani ungemcheka mwenzako akifanya hivyo.

Halafu nikazikumbuka ngazi ulizoniandikia.

Mimi si daktari, kazi yangu ni nyaya. Lakini kuna kitu kinakubana. Nenda hospitali, Zeze. Usingoje uzinduzi.

Kaka yako,
Nyaya


23 Februari

Kaka, shikamoo.

Afya yangu umeshaijua kuliko mwenyewe, kwa hiyo sina haja ya kukueleza.

Hizo spika zitakutia wazimu. Kila mwimbaji anavuta pumzi. Nasikia siku hizi mafundi wanazikata zote, ni kazi ya mchana mmoja. Basi kata. Umekaa safari ya siku nzima kutoka hapa, mbele ya masanduku mawili, unaniambia unanisikia. Mimi niko humu ndani ya mwili wangu na ninaimba kila Jumamosi.

Na nikienda hospitali wakaniambia nisiimbe, nani atanishikia nafasi? Kwenye mazoezi kuna msichana anazijua nyimbo zangu zote. Anakaa pembeni, anaimba na midomo tu. Namwona.

Usimwambie Mama.

Zeze


17 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, maana kwa kukuuliza sipati jibu. Jana nilimpigia Mama, akasema uko hapo hapo unasuka nywele. Kisha nikasikia ukimnong'oneza, "Mwambie nimelala." Sikujua kwamba watu wa huko husuka wakiwa usingizini.

Nilifanya ulivyotaka. Nilikata pumzi za wimbo mzima, moja baada ya nyingine. Wimbo ukawa safi, umenyooka, kiongozi wa bendi angeufurahia. Mimi nilishindwa kukaa kwenye kiti. Ulikuwa unaimba kama mtu asiyehitaji hewa tena. Nikazirudisha zote.

Sitazitoa nyimbo hizi mpaka daktari akuone. Nikasirikie tu. Kiongozi wa bendi amenipigia akifoka, nikamwambia spika zimeharibika. Naye akasema, "Chukua nyingine." Anadhani ni balbu.

Mama sijamwambia bado. Nisipopata neno kutoka kwako, nitamwambia.

Kaka yako,
Nyaya


2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo, ila sasa anajua yote, hata barua zako. Kaa chini ndipo usome.

Jumamosi nilikuwa naimba harusini. Nikaufikia ule mstari mrefu wa wimbo wa bibi harusi, nikavuta hewa, haikuja. Nikavuta tena, haikuja. Nikapiga magoti, mkono kifuani. Watu wakadhani ni mbwembwe, kaka. Walipiga makofi. Bibi harusi alinitunza noti kichwani nami siwezi kupumua. Aliyejua ni yule msichana wa pembeni. Alipanda jukwaani, akachukua maiki, akaendeleza wimbo mahali nilipoukatia, na kwa mkono wake mwingine akaushika mgongo wangu mpaka wakaja kunitoa.

Ni rovu, uvimbe wa shingoni. Shingo ilikuwa imenenepa kidogo, nami nikawa nafunika na mikufu. Lakini sehemu kubwa imeteremka ndani, nyuma ya mfupa wa kifua, na inalibana bomba la hewa. Daktari alinionyesha kwenye picha. Mahali pengine limebaki jembamba kama mrija wa soda. Aliniuliza, "Hakuna aliyewahi kukwambia unapumua kwa mluzi?" Mama akasema, "Mwenzetu mmoja alisema."

Wanataka kuutoa uvimbe huo. Lakini mshipa unaoamrisha sauti umepita hapo hapo, umeshikana na uvimbe, na daktari hakunificha: ninaweza kuamka bila sauti, au na nusu ya sauti. Nisipopasuliwa, siku moja hewa itagoma kabisa.

Sasa nijibu, si kama kaka, nijibu kama fundi uliyesikia waimbaji wengi. Nusu ya sauti inafaa kitu?

Mdogo wako,
Zeze


5 Aprili

Zeze wangu,

Pole. Pole sana, na umpe Mama pole.

Umeniomba nijibu kama fundi. Hakuna spika duniani ya kunionyesha sauti ambayo bado haijatoka. Ningekwambia inafaa, ningekuwa nakubembeleza. Ningekwambia haifai, ningekuwa nakuua. Kwa hiyo nakujibu kama kaka ingawa umenikataza. Nataka upumue. Ukipumua ukanitukana kwa ishara za mikono, mimi nitashukuru.

Kiongozi wa bendi nimemwambia asubiri. Studio nimeifunga. Nakata tiketi kesho, nitakuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji kabla hawajakuingiza. Usiandike tena, tutaongea.

Kaka yako,
Nyaya


30 Juni

Kaka, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na umekuta magodoro yako bado yamesimama. Nyumba imepoa tangu uondoke. Mama anapika chakula chako kwa mazoea, halafu ananilaumu mimi kwamba kimebaki.

Kidonda kimefunga. Napumua, kaka. Ngazi za ukumbi nilizipanda juzi zote bila kumsalimia mtu.

Sauti ndiyo hiyo uliyoiacha. Daktari anasema upande mmoja umelala, huenda ukaamka, huenda usiamke, tungoje. Ni nzito, ina mchanga, na nikiipandisha inakatika. Asubuhi moja nilimwita Mama nikiwa chumbani, akaitika, "Nani?" Halafu akaja mbio, akanikumbatia mlangoni, akasema masikio yake yamezeeka. Tukaliacha hivyo.

Bendi imemchukua yule msichana. Alikuja mwenyewe kuniomba radhi, akasimama uani kama aliyevunja sahani. Nikamwambia aingie. Anazijua nyimbo, kweli, lakini anaukimbilia mstari mrefu, anafika mwisho amekauka. Nimekuwa nikimfundisha mahali pa kuvuta hewa. Ananitazama mdomoni kwa sababu sauti haimfikii vizuri. Siku alipoupata mstari ule wote, nilifurahi, kisha nikaenda kuoga nikakaa huko muda mrefu.

Nyimbo ulizonitumia nimezisikiliza mara moja. Sikuweza mara ya pili. Yule aliyeimba humo alikuwa anakosa hewa huku anachombeza, na alikuwa mzuri, kaka. Sikujua kama alikuwa mzuri kiasi hicho. Pumzi zake umeziacha zote. Nilizisikia hata kwenye simu yangu hii mbovu, kwa kuwa sasa najua pa kutegea.

Jana kiongozi wa bendi alikuja na wazo. Anataka nyimbo zitoke na picha yangu ya zamani, juu yake maneno "Kumbukumbu ya Zeze," na uzinduzi watu wavae nyeupe. Anasema hivyo zitawagusa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha tena maji, akamwuliza, "Na maiti utaitoa wapi?" Kiongozi akaondoka bila kumaliza glasi.

Sijui nitakuwa nani sasa, na usiniambie nitakuwa sawa, kwa sababu hujui. Lakini hili nalijua. Zitoe nyimbo. Zitoe jinsi ulivyozichanganya. Weka picha ya juzi, hata kovu lionekane, na chini yake andika jina langu, usiongeze kitu. Nipo.

Mdogo wako,
Zeze