Alidhani Sijui Kijapani

Shoga, natoka duka la dawa sasa hivi na hasira bado hazijaniisha.

Unajua chavua ya mierezi inavyonitesa kila Machi. Tumefika Takayama, huku milimani, macho yamenivimba, na leo mimi ndiye dereva wa kushuka mlimani, watoto wamo garini.

Muuzaji anaitwa Mizobata, jina liko kifuani. Nimeingia napiga chafya hata kusema siwezi, nikamwonyesha pua na ufunguo wa gari. Akamgeukia mwenzake, akamwambia kwa Kijapani: "Mpe ile inayoleta usingizi, zimetujaa. Huyu hawezi kusoma boksi."

Kasema mbele yangu, shoga yangu Mwanaidi. Miaka kumi na moja naishi Nagoya. Hawezi kusoma boksi.

Nikapokea boksi kwa mikono miwili, nikamwambia kwa Kijapani cha heshima zote: "Bwana Mizobata, naomba unisomee haya maandishi mekundu, kwa sauti."

Uso ukamshuka. Foleni nzima ikageuka kututazama.

"Usiendeshe gari baada ya kutumia dawa hii."

"Sijasikia."

Akarudia.

"Bado sijasikia." Nimemsomesha mara tatu, na sijuti.

Mwenzake akaniletea dawa nyingine, ameinama mpaka kiunoni. Nikageuka niondoke. Bibi mmoja kwenye foleni akatoa mkobani boksi kama lile la kwanza.

"Jana uliniambia hii haileti usingizi," akamwambia Mizobata, "na mimi naendesha. Hebu nisomee na mimi."

Sikuondoka, shoga. Nimekaa kwenye benchi nikamsikiliza mpaka mwisho.