Pumu ya Bikizee

Jumatatu, 2 Julai 1956

Ukungu tangu alfajiri. Naendesha, sioni mashamba, sioni watu, nasikia kengele za baiskeli tu. Napenda sana saa kama hizi, nasahau hata nakwenda wapi. (Nilikuwa nakwenda Mngeta, na wagonjwa wawili, fundi na mwalimu Nikodemu.) Miaka minne naendesha gari hili la misheni, la kabla ya vita, na bado likinguruma vizuri nasikia raha mpaka kwenye magoti. Watu wa Ifakara wanaliita Bikizee. Mimi pia.

Maili kumi na mbili — akakohoa mara mbili, kimya. Kama juzi. Kama wiki iliyopita. Fundi wetu, mzee Theodori, akashuka, akafungua boneti. Plagi safi. Kabureta safi. Nyaya zote zimekaza. Akaenda nyuma, akafungua tanki, akatumbukiza kijiti chake kupima petroli. Imo, nusu tanki. Akafunga, akapiga hendeli — akawaka! Maili kumi na mbili nyingine, mchezo uleule.

Mzee akasema gari lina pumu. Tulicheka wote, yeye hakucheka.

Jumatano, 4 Julai

Maneno yameanza. Nikodemu anawaambia watu kwamba mzee Theodori huinamia tanki, hunong'ona, ndipo gari huamka. Kwa hiyo ni yeye anayelizima! Ati anaogopa kustaafishwa. Kunong'ona ni kweli. Anahesabu alama za kijiti, kwa Kipogoro, maana ni mtu wa Mahenge na hesabu zake ni za huko.

Padri kaniita. Je, ni kweli gari huwaka mzee akishafungua tanki? Dirishani kwake yangeyange walikuwa wanatua shambani, mmoja mmoja, weupe, polepole, na mimi kwa mawazo nilikuwa nimekwisha kwenda nao. Nikasema, "Ndiyo, Baba." Basi. Habari ya kuhesabu nikaikumbuka nikiwa nje.

Sikurudi ndani. Kwa nini sikurudi?

Ijumaa, 6 Julai

Wameshamwachisha kazi. Padri anasema yeye haamini uchawi, ila wagonjwa wanakataa kupanda. Mzee akanikabidhi spana zake zimefungwa kitambaa, zimepakwa mafuta zote. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba akiangalia spana.

Mkewe, mama Kandida, akifika kisimani wanawake wanaondoka na ndoo tupu. Wanarudi kwao Mahenge Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Miaka kumi na moja wamekaa hapa.

Jumapili, 8 Julai

Nimeota Bikizee yuko chini ya mto. Taa zimetoka kama macho, mashavu yameingia ndani. Samaki wanampita. Nilikuwa nampungia mkono tu, mjinga mimi. Nikaamka nimebana pumzi.

Jumatatu, 9 Julai

Peke yangu, na mabati ya zahanati ya Mngeta. Akazima palepale pa siku zote. Nikashuka. Kijiti sina, Kipogoro cha kuhesabia sina. Nikafungua tanki tu, kwa mazoea ya kumwona mzee.

Fyuuu!

Tanki likavuta hewa mpaka mfuniko ukanisumbua mkononi. Nikasimama barabarani nimeushika. Nikaugeuza. Katikati kuna kitundu, kidogo kama cha sindano, na ndani ya kitundu nta, imekuwa nyeusi kwa vumbi, huwezi kuijua kama huijui. Mimi naijua. Nta yangu! Aprili mto ulipojaa na maji yakaruka ndani ya pantoni, nilikiona kile kitundu nikafikiri ni ubovu. Kwetu chombo kikiwa na tundu kinazibwa. Baba aliziba hivyo vibuyu vyote vya asali. Nikailainisha nta kwa vidole, nikaisindilia. Padri akanisifu. Halafu barabara zikafungwa kwa mvua, gari likalala, nami nikasahau.

Kumbe ile ndiyo pua yake. Petroli inatoka, hewa haiingii, gari linakabwa. Mzee akifungua kupima, linapumua. Pumu! Alisema pumu!

Nimeizibua kwa mwiba. Nimekwenda, nimerudi, hata kikohozi kimoja. Nimelia njia nzima. Kesho nasema.

Jumanne, 10 Julai

Sikusema.

Alhamisi, 12 Julai

Nimesema. Padri alicheka. Atatangaza kanisani Jumapili. Jumapili! Mzee anaondoka Jumamosi.

Na kuna baya zaidi. Siku tatu Bikizee anakimbia kama gari jipya, na watu wanaonyesheana kidole: umeona? Mzee katolewa, gari limepona. Kila maili ninayokwenda salama inamharibia yeye jina. Nikamweleza Nikodemu, kitundu, nta, hewa. Akanishika bega. Ati Frido, una huruma sana wewe.

Jumamosi, 14 Julai

Kivukoni. Naandikia gotini, nimekaa chini kando ya gurudumu.

Nimeleta abiria tisa wanaovuka, Nikodemu mmojawapo. Mzee Theodori na mama Kandida wamekwisha fika, na sanduku, na kuku ndani ya tenga. Pantoni iko ng'ambo. Abiria wangu wakasema wao watangoja ya pili, hawavuki na mtu yule. Walisema kwa sauti. Mama Kandida akainamia kuku wake.

Nikaenda kwa mzee. "Shikamoo, baba. Ni mimi niliyeziba tundu la mfuniko. Kwa nta."

"Nta ya nyuki?"

"Ndiyo, baba."

Akatafakari. "Uliziba vizuri," akasema. Hivyo tu. Afadhali angenipiga.

Ndipo nikapandwa na hasira, mimi ambaye hukasirika mara moja kwa mwaka. Nikawaita wote tisa. Nikawaonyesha kitundu. Nikaomba nta kwa mwanamke mmoja mwenye asali, nikaziba mbele ya macho yao, nikafunga tanki. Nikawasha. Nikaweka jiwe juu ya pedali ya mafuta ili anywe. Nikasema: mzee yuko kule, hatasogea. Gari litazima. Nitafungua mimi, litawaka. Kama huo ni uchawi, basi mchawi mimi.

Wamekaa wanatazama. Ukungu unapanda kutoka majini, kila kitu ni cheupe na kitamu, na Bikizee ananguruma kama hajawahi kuumwa maisha yake yote.

Mzee amepaza sauti kutoka pale alipo, "Mwanangu, likiwa limesimama halinywi sana. Litakawia!"

Pantoni imeondoka ng'ambo. Nikodemu ametoa saa mfukoni. Mwanamke mwenye asali anacheka.

Pantoni imefika katikati.

Nimeongeza jiwe la pili. Moshi, kelele, na bado anawaka. Miaka minne namwomba Mungu gari lisizime.

Pantoni imegusa ukingo. Mzee amejitwika sanduku.

Zima, Bikizee. Zima, mama, nakuomba —