Sharubu na Kicheko Hawajapigana Bado

Mugisho ndugu yangu,

Ejok? Najua salamu hutajibu. Ungekuwapo ungenicheka, kwamba nakuandikia kama vile umeenda kwenu Uvira kusalimia watu utarudi. Cheka tu. Sikuzoea kukaa na jambo lako moyoni bila kukuambia, na hili nililo nalo siwezi kumwambia mtu mwingine hapa Lodwar. Wataniona mzee amechanganyikiwa, askari jela mstaafu anayegombana na maiti.

Samahani. Neno hilo limenitoka tu. Bado linanishinda kukuita marehemu.

Nikupe habari za Kakuma kwanza. Kibanda chako cha kunyolea kipo palepale, ila shemeji yako amekipaka rangi ya kijani mbaya sana, unaiona toka barabarani na macho yanauma. Mvua ilinyesha huko juu, laga, ule mto wetu mkavu, ikajaa, watu wakakwama upande huu na upande ule wanapigiana simu huku wanaonana. Binti yako Furaha amejifungua salama, mtoto wa kike, ana paji la uso lako, pole yake. Mama Furaha alikaa muda bila kuwasha jiko, lakini sasa amerudi kukaanga mandazi nyuma ya kibanda. Benchi letu lipo. Watu wanakaa. Kinachonikera ni kwamba wakikaa hawabishani.

Wote wamekukubalia, Mugisho. Kila mmoja. Tangu tulipokuzika, mtu akitaja Sharubu na Kicheko, utasikia, "Ah, mzee Mugisho alikuwa na haki, Sharubu angeshinda." Kwisha. Wanakohoa kidogo, wanaongea bei ya sukari.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa bado kazini, nimekuja Kakuma kumwona dada yangu, nikaingia kwako kunyolewa. Ukaishika pua yangu ukauliza nani aliivunja. Nikakuambia ni ngumi, nilikuwa napigania timu ya kazini, uzito wa juu. Ukaacha kichwa changu nusu, ukatoa simu kunionyesha mabingwa wa zamani wa dunia wa uzito huo. Mmoja mzungu mwenye masharubu na kitambi, wa enzi za mikono mitupu, raundi hazina idadi, mnapigana mpaka mmoja ashindwe kuinuka. Mwingine mtu mweusi aliyekuja miaka baadaye, mrefu, hana haraka, anazidaka ngumi za mwenzake kwa kiganja huku anaongea naye na kumcheka. Hawakuwahi kukutana. Umri uliwatenga, na hata usingewatenga, yule wa masharubu alishatangaza kwamba yeye hapigani na mtu mweusi. Basi tukawabatiza, Sharubu na Kicheko, tukaanza kuwapiganisha sisi. Siku ile nilitoka kwako nywele ndefu upande mmoja.

Mimi nilimchukua Kicheko bila kufikiri mara mbili. Wewe ukamchukua Sharubu, nami nikakasirika, kweli nilikasirika. Nikakuambia, huyu mtu hata mkono asingekupa, leo unamshangilia? Ukaufuta wembe, ukasema polepole, "Njo maana minamupiganisha, Kaka Ewoi. Alikataa wakati alikuwa muzima. Sasa atapigana, apende asipende." Halafu ukaharibu, ukaongeza, "Na akipigana atashinda." Ebo!

Miaka yote hiyo. Nikisema Kicheko anakushika misuli ya mkono kabla hujarusha konde, unasema mikono mitupu inateleza kwa jasho, hashiki kitu. Nikisema wako ni picha imesimama, wangu angalau yuko kwenye filamu, anaonekana akitembea, unasema simba kwenye picha hajaacha kuwa simba. Ulitaka wapigane kwenye mchanga wa laga, saa ya jua kali, ili miguu ya Kicheko ichoke. Mimi nikataka saruji, kengele, na refa wa maana. Tulipoteza mchana mzima kwa habari ya mchanga. Wateja wakiingia wanauliza mnagombania nini, wakishajua wanakaa na wao.

Hao ndio wameniacha peke yangu. Hata Deng! Deng wa duka la viatu, aliyetoka Bor na msimamo wake, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa upande wangu na kupigiwa kelele pamoja nami. Siku ya mazishi, udongo haujakauka, alisimama akasema kwa sauti kwamba Sharubu angemmaliza Kicheko. Nikamvuta pembeni nikamuuliza ana wazimu gani. Akaniambia, "Mtu amekufa, Ewoi. Mpe tu." Mpe tu! Kama vile wewe ni mtoto analia unataka kipande cha nyama.

Nikamwacha Deng siku ile. Nilikuwa nimelia mpaka kichwa kinauma, na presha iliyokuchukua ilikuwa imekuja ghafla mno hata sikuwahi kukutembelea. Nikarudi Lodwar.

Halafu Mama Furaha akanipigia. Akasema siku ya kuondoa matanga imepangwa, na kwa desturi ya ukoo wenu, kila aliyekuwa na ugomvi na marehemu anausema mbele ya watu na kuumaliza, ili mtu apumzike. "Na ile ubishi yenu, Kaka, uimalize siku hiyo. Sitaki alale nayo." Hakusema nikubali. Lakini ubishi na mtu aliyekufa unamalizwaje? Nilimwelewa.

Nakuambia ukweli, nilikwenda nimeamua kukubali yaishe. Ni sentensi moja. Mke wako ameomba, amefiwa, amekutunza maisha yake yote, mimi ni nani nimnyime sentensi moja? Njiani nikaifanyia mazoezi. Kila nikiisema moyoni nasikia baridi, na jua la Turkana hilo unalijua. Maana picha ninayo ya kwako moja, umefumba macho. Shati ulilonipa limenibana. Kilichobaki kwangu, ambacho ni chako na changu, ni huo ubishi, na nilikuwa natumwa kuuzika na wewe.

Tulikaa chini ya turubai. Mchungaji akaomba, akauliza nani ana neno. Jirani akasimama akasema mliwahi kukosana kwa ajili ya uzio, amekusamehe. Deng akarudia lake. Kisha wote wakageuka wakanitazama mimi. Nikasimama, nikashika kofia, nikafungua mdomo kusema Sharubu.

"Kicheko anashinda," nikasema.

Ungewaona, ndugu yangu. Shangazi yako alishika kifua. Nami nilishaanza, nikaendelea, nikasema nisameheni, lakini Mugisho hakuwahi kuniomba nimkubalie. Siku nikichoka nikasema sawa umeshinda, alikuwa ananirudisha kwenye kiti ananiambia nijitetee vizuri. Nikikubali leo kwa kumwonea huruma, nitakuwa nimemdharau kwa mara ya kwanza. Kicheko anashinda, na Mugisho kama hataki aje aniambie. Hapo ndipo nilipolia. Mzee mzima, kofia mkononi, kamasi zinatoka.

Mchungaji akaanza kuinuka anitoe. Mama Furaha akamwonyesha kwa mkono akae.

"Kwa sheria gani?" akaniuliza. "Ya glavu ao ya mikono mitupu?"

Mugisho, mwanamke huyu! Miaka yote nilidhani yuko nyuma ya kibanda na mandazi yake, masikio ameyaziba kwa ajili ya upuuzi wetu. Nikajibu, ya mikono mitupu, au chagua wewe, Kicheko anashinda kote. Akatikisa kichwa. Akakunja kitenge, akakaa vizuri.

"Kicheko yako inashinda watu wa kasirani," akasema. "Anamucheka mutu, mutu anakasirika, anakuja mbio mbio, anapigwa. Sasa Sharubu atamukasirisha na nini? Ule alizoea kupigana toka asubui mpaka jua linakuwa kali, haina kengele. Ule hana haraka. Mi niliolewa na mutu wa vile, Kaka. Miaka yote unamutukana, na yeye anakuuliza kama umekula."

Wewe mwenyewe hukuwahi kunifikisha hapo. Nilifungua mdomo nikaufunga, na watu wakaona, na mtu mmoja akacheka kwa pua. Basi midomo ikafunguka. Deng, kigeugeu yule, akaruka akasema hapana, hasira si lazima, Kicheko alikuwa na mikono mirefu. Jirani wa uzio akauliza kitambi cha Sharubu kitavumilia ngumi ngapi za tumbo. Mchungaji akataka kujua kama zamani mtu aliruhusiwa kumwangusha mwenzake kwa mieleka. Wali ukapoa. Mama Furaha alikuwa anawajibu wote, mmoja mmoja, macho makavu, halafu katikati ya sentensi machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitenge akamalizia sentensi yake. Nilipomuaga aliniambia ugomvi umeisha, lakini ubishi ni kitu kingine. Sijui tofauti yake, lakini alinifungia mandazi ya njiani.

Sasa nipo nyumbani Lodwar, nimekaa kivulini tangu asubuhi natafuta jibu. Nimefikiri habari ya hasira, nimefikiri habari ya kuchoka. Kuna njia, lazima iwepo, kwa sababu mtu asiyekasirika naye ana pahali pa kupigwa. Wewe nilikujua hivyo na bado nilikuwa napata pahali.

Nakuahidi hivi: kila mwisho wa mwezi nitakwenda Kakuma, maadamu miguu inanibeba. Nitambeba mjukuu wako wa paji la uso, nitamwambia Mama Furaha hana haki, na yeye ataniuliza kwa sheria gani. Sitamhurumia, nawe usimwambie anihurumie.

Pumzika, Mugisho. Nimekukosa vibaya sana, kuliko ninavyojua kuandika. Na kama huko uliko umewakuta wale wawili, na hatimaye wamekubali kuvua mashati na kuingia ulingoni, angalia kwa raha zako mpaka mwisho. Lakini nakuomba, usije ukanitokea kwenye ndoto na matokeo. Mimi na mke wako bado hatujamaliza.

Ndugu yako wa Lodwar,
Ewoi