Mashine Inayolala Saloni

Jumatatu, 26 Februari

Nimefagia saloni, sebule yetu, nikiizunguka mashine, kama kila asubuhi tangu Desemba. Mashine ya kukata majani, ile ya kukaliwa, yenye usukani na magurudumu manne. Bohari ya mapadri kule Saio imepewa wakimbizi, kwa hiyo mume wangu, Baba Neema, anayewakatia majani, akaileta ilale kwetu Ngezi mpaka mvua irudi. Nilikasirika. Halafu nikaishonea shuka. Pembeni yake wanalala watoto wa wifi yangu Jeanne, waliofika kutoka Djugu na nguo za mwilini tu.

Mvua imeanza. Padri mkuu anataka uwanja wake ukatwe kabla ya Jumapili ya Matawi. La sivyo atachukua vijana wa kufyeka kwa mapanga, na Baba Neema akae nyumbani. Nyumba nzima inakula kwa kazi ile. Naogopa.

Jumamosi, 2 Machi

Tumeisukuma hadi uani. Betri imechajiwa, petroli ya Desemba imemwagwa, mpya imetiwa. Chini ya kifuniko panya walikuwa wamezaa. Ikanguruma mara moja! Watoto wakapiga makofi. Baba Neema akaachia breki ili iende. Ikazima. Akawasha tena. Ikazima tena. Kila akiinua mguu, kimya.

Akabaki amekaa juu yake, ameukumbatia usukani. Simpendi akiwa hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Mateso, fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu, amekuja. Amesafisha buji, ile plagi ya cheche, amefungua kabureta, ameitukana petroli ya Uganda. Ikawaka, ikazima palepale. Akasema imezeeka. Mume wangu akainamisha kichwa kana kwamba ametajwa yeye.

Asubuhi risasi zilisikika upande wa Bogoro. Kidogo tu, kisha basi. Jeanne alikuwa amefunga mizigo ya kurudi Djugu. Ameifungua. Nimefurahi na nimechoka, vyote pamoja.

Jioni nimepeleka sahani ya Baba Neema saloni. Kwetu mwanaume anakula saloni, sisi wanawake tunabaki jikoni. Sahani imerudi tupu kabisa. Angalau hamu ya chakula haijamtoka.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Tumeandamana mjini na vitenge vyetu vipya, jua kali, miguu imevimba. Narudi, namkuta Baba Neema juu ya mashine. Anawasha, inazima, anawasha, inazima. Hasira ikanipanda.

— Shuka, na miye nijaribu. Leo ni siku yetu.

Nikapanda na kitenge changu na makalio yangu yote. Nikawasha. Nikaachia breki. Mungu wangu, ikaenda! Ikalipanda karai, ikang'oa kamba ya nguo za jirani, mimi napiga kelele, watoto nyuma yangu. Mateso akaja mbio. Akapanda Baba Neema, ikazima. Nikapanda mimi, ikaenda. Mateso akainua kiti, akatuonyesha kidude kilichoko chini yake. Lazima kiti kibonyee ndipo mashine ijue kuna dereva. Kisipobonyea inajizima, ili visu visimkate mtu aliyeanguka.

— Papa, uko mwepesi sana, akasema. Mashine inafikiri hakuna mutu.

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikaacha. Nikamtazama mume wangu. Mshipi wake una matundu mapya, yametobolewa kwa msumari. Mashati yake nayafua mimi. Sikuona.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwuliza kwa nini amekonda. Mbele ya Jeanne alijifanya anatafuta kofia yake. Tulipobaki wawili akasema polepole:

— Batoto banakuwaka na njala. Banaangaliyaka sahani. Ningekula namna gani?

Kumbe chakula changu kilikuwa kinakwenda huko. Kila jioni, kimyakimya, watoto wamemzunguka pale kwenye mashine. Na mimi jikoni najisifu kwamba napika vizuri. Nimemkasirikia. Nimelia. Nimemkasirikia tena. Nampenda mjinga huyu kuliko jana.

Mateso alitaka kuunganisha waya ili mashine isijali nani amekaa. Nimekataa. Siwezi kumkalisha mtu dhaifu juu ya visu visivyosimama.

Jumatatu, 18 Machi

Ninayekata sasa ni mimi. Padri mkuu alisimama barazani mdomo wazi, lakini majani yanashuka, atasema nini? Baba Neema anatangulia, anaokota mawe, ananionyesha pa kupita. Napinda mistari. Ananicheka. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho alinicheka hivyo.

Nyumbani hakuna tena sahani ya saloni. Sufuria ni moja, jikoni, wote pamoja, bugali na sombe ya majani ya muhogo. Kwanza watoto, ili macho yao yatulie. Kisha nakaa ubavuni mwa mume wangu na siondoki mpaka amalize. Fungu langu nimelipunguza. Mimi nina akiba, mashine yenyewe ni shahidi. Majirani wanasema nimemtawala mwanaume. Waseme.

Jumamosi, 23 Machi

Uwanja umekwisha. Unanukia vizuri. Padri amesema kazi inabaki kwetu.

Kabla ya kurudi, Baba Neema ameomba ajaribu. Nimeshuka. Amekaa, ameachia breki. Ikaenda. Ikasita, ikaenda tena, ikafika karibu na ukuta, ikazima. Hakushuka. Alibaki ameshika usukani, anatabasamu peke yake.

Nimemwambia tutajaribu tena baada ya Pasaka. Nimempa muhogo wa kuchoma, nikaketi kwenye majani mabichi mpaka akaumaliza.