Mama Yake Radi Anauza Dengu Runzewe

Masanja ndugu yangu,

Kwa masikitiko makubwa nakutaarifu kwamba mama yake Radi amefariki dunia. Toleo la tatu, ukurasa wa saba, chini kulia. Ghorofa limemwangukia wakati mwanaye yuko hewani anapigana na lile jambazi la kichwa cha chuma. Mazishi hayakuchorwa.

Najua, alikufa zamani. Tulimsoma akifa mimi na wewe, tumekaa juu ya viroba vya mawe kule Geita tukisubiri zamu yetu kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, wewe umeshika katuni, mimi nachungulia. Ila safari hii nimemuua mimi, mbele ya mama yako.

Ilikuwa hivi. Matanga yako yalipokwisha, mama aliniita uani. "Shija, ile habari ya mtu wa radi, nani atanimalizia?" Macho yake unayajua, na shule hakwenda. Nikaona kazi ndogo. Sanduku lako la bati lina matoleo yote, isipokuwa la nne, ambalo mwenye duka alilichana akamfungia mtu misumari. Nikasema, mama, tufuate utaratibu. Tuanze la kwanza.

Si unaukumbuka ubishi wetu, mtu mgeni kwa katuni za Radi aanzie toleo lipi? Mimi nikisema la kwanza, huwezi kuingia nyumbani kwa watu kwa kupitia dirishani. Wewe: "La kumi na mbili, bwana. Hapo jamaa ameshajua kuruka bila kuyumba." Nikakuita mvivu. Hata vumbi la mawe lilipokukalia kifuani, nakuja kukuona mgonjwa, bado nakuchokoza na la kumi na mbili lako. Ulikuwa unacheka tu, halafu unakohoa.

Basi nikasoma. La kwanza mama akasikiliza, la pili akasikiliza, huku anapepeta mchele. La tatu nikalisoma kama mtangazaji wa redio. Ungo ukasimama.

"Nani amekufa?"

"Mama yake Radi."

"Hapana. Masanja aliniambia yuko Runzewe, anauza dengu."

Runzewe hii ya kwetu, Masanja! Lile jiji la Radi halina hata jina, watu wake wanatembea na makoti! Mama akanieleza yote, Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika. Kwamba kila ukirudi kutoka Geita ulikuwa na salamu za yule mwanamke. Kwamba ana ng'ombe wawili, na magoti yanamsumbua kama yake. Kwamba Radi akimaliza kupigana lazima apite kwake, shikamoo mama, marahaba, anakula ugali, ndipo anaruka tena. Miaka yote hiyo ulikuwa unamwonyesha picha na maneno unatunga mwenyewe. Na ulianzia la kumi na mbili kwa sababu kuanzia hapo hakuna tena anayemtaja marehemu.

Mimi, mtu wa utaratibu, nimemmaliza kwa alasiri moja.

Mama alilia. Msibani kwako hakulia hivyo, alikuwa anahangaika wageni wamekula au hawajala. Alilia, na mimi nimeshika katuni mkononi, nimeweka kidole kwenye ukurasa wa saba nisije nikaupoteza. Kidole hicho, Masanja... sijui hata nilikuwa nakitunzia nini.

Nikajaribu kutengeneza. Nikasema samahani, nimesoma vibaya, aliyekufa ni shangazi yake.

Akajifuta uso kwa kanga. "Acha, Shija. Wewe kudanganya hujui. Mwenzako ndiye alikuwa anajua."

Tangu siku hiyo nikibisha hodi kwenu, nabisha kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Hajaninunia, ananiwekea chai vilevile, na hiyo ndiyo inanimaliza zaidi. Nilidhani sote wawili tunasoma Radi. Kumbe nasoma mimi, wewe unamtunza mtu.

Sanduku nimelipanga upya. La kumi na mbili liko juu. La kwanza mpaka la kumi na moja nimeyahamishia kwangu, yamo chini ya godoro. Kutunga sijui, lakini nakuahidi: maadamu mama yako anapumua, yule mwanamke hafi. Tulia huko na hicho kifua, ndugu yangu. Hapa niachie mimi.

Leo tumeanza upya. Kabla sijafungua, mama akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Na dengu za huko Runzewe zinaendaje?"

Nikatoka nje, nikampigia simu jamaa wa huko.

Zimeshuka bei.