Duka Ambalo Upepo Haukuligusa

Jumatano, Walikale. Jua limewaka tangu asubuhi, na matope yanaanza kunuka.

Naandika nikiwa ndani ya nyumba ambayo upande mmoja haina paa. Cherehani yangu nimeifunika kwa bashi, turubai la plastiki. Nikiinua macho naona mawingu, na kila wingu sasa nalitilia shaka.

Ule upepo wa Jumapili uliingia kartie yetu, mtaa mzima, baada ya misa, ukaokota mabati kama mtu anayechuma majani ya sombe. Mvua ikafuata. Nyumbani kwa Bahati, jirani yangu anayeendesha pikipiki, ukuta ulianguka, na mama yake mzazi alikuwa amelala kando ya ukuta huo. Tulimtoa kwa mikono. Hakuwa akipumua tena.

Duka la Papa Kambale, pale kwenye kona, halikupoteza hata bati moja.

Ndivyo tulivyoona sote kutoka barabarani.

Kambale alitoka mji wa Butembo kuja kufanya biashara huku. Anauza sukari, chumvi, misumari, sabuni. Amekaa nasi miaka mingi, tunasali kanisa moja. Lakini tangu Jumapili hakufungua mlango. Hakuja kusaidia kutoa matofali, hakuja kulia na wafiwa. Hata mke wake, Mama Kavira, ambaye hakosi msiba wa mtu, hakuonekana.

Tena mimi mwenyewe nilimwona Kambale Jumapili, kabla ya tone la kwanza, akiingiza magunia mbio mbio huku akitazama juu. Alijuaje?

Jana kwenye matanga ya mama yake, Bahati alisimama katikati yetu, macho mekundu.

"Upepo gani huu unachagua nyumba?" aliuliza. "Kwa mama yangu inabomoa, kwake haigusi hata musumari? Ule muntu anajua kitu. Njo maana anajificha."

Hakuna aliyembishia. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Niliamini. Neno hili naliandika hapa kwa sababu sijui nikaliseme wapi kwingine.

Leo mchana nilitoka kutafuta vitambaa vya wateja ambavyo upepo ulininyang'anya. Nikazunguka hadi nyuma ya duka la Kambale, kwenye migomba, mahali ambapo watu hawapiti. Hapo nikasimama ghafla.

Nyuma hakukuwa na ukuta. Wote ulikuwa chini, na mahali pake kumetundikwa bashi la buluu. Kutoka ndani mtu alikuwa akilia kwa sauti ya kujizuia.

Nilifikiri mabaya. Siyaandiki.

Kambale akatokeza na panga mkononi. Ndevu zimemwota, macho yamemwingia ndani.

"Mama Furaha, usisogee."

"Nani analia humo?"

"Hakuna muntu."

"Papa Kambale, minasikia."

Sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani, "Mwache aingie. Nimechoka."

Mama Kavira alikuwa amelazwa juu ya makatoni. Mguu umevimba, na umepinda pale ambapo mguu haupindi. Ukuta ulimwangukia Jumapili ile ile.

"Tangu Jumapili hujamupeleka hospitali?" nilimfokea Kambale.

"Nikitoka naye, nani atalinda? Batu wakijua nyuma iko wazi, duka imekwisha. Hapa sina ndugu. Minaona vile munaniangalia."

Nilitaka kumwambia anatukosea. Nikakumbuka kichwa changu kilivyoitikia jana.

Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Bahati. Nilipofika, vijana wenzake wa pikipiki walikuwa wamekusanya mawe, na kidumu cha esanse, petroli ya pikipiki, kilikuwa miguuni pake. Nilimvuta mkono.

"Kaka Bahati, kuja peke yako. Uone kwanza kwa macho yako."

"Nione nini?"

"Ukuta."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliomtoa mama yake. Nyuma ya migomba aliyatazama yale matofali. Kambale alikuwa bado ameshika panga. Mimi nilisimama kati yao.

"Bahati," Mama Kavira akaita kutoka kwenye makatoni, "pole kwa mama. Sikuweza kuja."

Bahati akachuchumaa kwenye matope, akalia kilio ambacho hakuwa amelia tangu Jumapili. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Leta mulango," akamwambia Kambale. "Tumubebe."

Kambale hakutaka kuondoka. Alitazama magunia, akatazama bashi. Nikamwambia, "Twende, Papa. Hakuna atakayegusa." Tulimlaza mgonjwa juu ya mlango, Bahati akashika upande wa kichwa, Kambale upande wa miguu. Wale vijana wa mawe wakaja kupokezana nao hadi hospitali. Daktari alisema mguu utapona, ila taratibu, maana amecheleweshwa.

Ningependa kumalizia hapo.

Lakini tuliporudi, bashi lilikuwa limechanwa, na magunia ya sukari hayakuwepo. Kambale hakupiga kelele. Aliniangalia tu.

Mimi niliyemwambia hakuna atakayegusa.

Nani? Waliobeba nawajua wote. Waliobaki pia nawajua. Wengine nimewashonea nguo za komunyo za watoto wao. Tangu nirudi nasikiliza kila hatua inayopita nje, najiuliza inaelekea wapi na imebeba nini.

Jioni hii Mama Sifa wa ng'ambo ya njia ameniletea chai. "Kwa kazi uliyofanya leo, dada," akasema, akaondoka haraka.

Nimeonja. Tamu sana. Na tangu duka lifungwe, sisi wote tunakunywa chai isiyo na sukari.

Labda alikuwa na akiba yake. Labda. Niliona upande mmoja wa nyumba, na mtu anayetazama mawingu, nikamhukumu. Sitaki kumhukumu mwingine kwa kikombe. Lakini siwezi kuimaliza chai hii, wala siwezi kuimwaga.

Kukicha nitamrudishia kikombe chake na kumuuliza uso kwa uso.

Akinijibu, nitamwamini?